Elizabeth Fry: Mama wa Watoto Kumi na Mmoja Aliyeingia Gerezani



Kwa sisi tuliofika Uingereza kabla ya mwaka 2017, sura ya mama huyu imepita mikononi mwetu mara nyingi. Ni yule mama mwenye kofia nyeupe aliyekuwa nyuma ya noti ya pauni 5 ya zamani. Tumenunulia mkate, tumeiweka kwenye bahasha ya sadaka, tumewapa watoto wakaenda nayo shule. Ukiiangalia vizuri noti ile, pembeni yake palikuwa na picha ndogo ya mama huyo akiwasomea wanawake waliokaa mbele yake. Wanawake wale walikuwa wafungwa, na mama yule ni Elizabeth Fry.

Mwezi huu somo letu ni imani inayoonekana katika maisha ya kila siku. Nimeona ni vema tumtazame mtu mmoja aliyeishi katika mji huu huu wa London, aliyekuwa na ndoa, watoto, madeni na uchovu kama sisi, na bado imani yake ikatoka nje ya mlango wa kanisa.

BINTI WA NYUMBA YA KITAJIRI

Elizabeth alizaliwa tarehe 21 Mei 1780 katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, John Gurney, alikuwa mfanyabiashara na mwenye benki. Mama yake, Catherine, alifariki mwaka 1792, Elizabeth akiwa na miaka 12, akaacha nyumba yenye watoto 11.

Familia yao ilikuwa ya Marafiki, ambao wengi huwaita Quakers. Ndugu zetu wa magharibi mwa Kenya wanawajua vizuri, maana wamisionari wa kanisa hilo walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Marafiki ni wengi sana upande ule. Siku za Elizabeth, Marafiki walijulikana kwa mavazi ya kawaida yasiyo na urembo na kwa ibada zenye ukimya mrefu. Lakini nyumbani kwa Gurney sheria hizo hazikukazwa sana. Mabinti walicheza muziki, wakaimba na kuvaa rangi walizopenda.

Tarehe 4 Februari 1798 alifika Norwich mhubiri kutoka Marekani aitwaye William Savery. Elizabeth alikwenda ibadani siku hiyo amevaa viatu vya zambarau vyenye kamba nyekundu, na inasimuliwa kwamba aliviangalia sana kabla mahubiri hayajaanza. Mahubiri yalipoanza, alisikiliza mpaka akalia. Alikuwa na miaka 17.

Wengi wetu tukifika hapo katika ushuhuda tunamaliza. Kwake ndipo kazi ilipoanza, tena kwa mambo madogo. Alianza kuwatembelea wagonjwa wa jirani. Akawakusanya watoto wa maskini siku za Jumapili na kuwafundisha kusoma katika nyumba yao. Taratibu akaacha nguo za rangi, akavaa vazi la Marafiki na kofia ile tunayoiona kwenye noti.

Tarehe 19 Agosti 1800 aliolewa na Joseph Fry, kijana wa familia ya wafanyabiashara, akahamia London. Watoto walikuja mmoja baada ya mwingine. Nyumba yao ilikuwa karibu na ofisi ya biashara ya mumewe, na wageni wa Marafiki waliofika mjini walifikia hapo. Alipika, alikaribisha, alinyonyesha, alichoka. Mwaka 1809 walihamia Plashet, eneo la East Ham, ambalo wakati huo lilikuwa shamba na leo wengi wenu mnaishi huko. Mwaka 1811 Marafiki walimtambua kuwa mhudumu wa Neno, maana kwao wanawake walihubiri.

NGUO ZA WATOTO WACHANGA

Mwaka 1813 mhubiri mwingine, Stephen Grellet, Mfaransa aliyehamia Marekani, aliingia gereza la Newgate katikati ya London. Aliyoyaona upande wa wanawake yalimtikisa, akaenda moja kwa moja kwa Elizabeth kumweleza.

Wanawake karibu 300 walikuwa wamebanwa katika vyumba vichache pamoja na watoto wao. Aliyekwisha kuhukumiwa kifo alikaa pamoja na yule aliyekuwa akingoja kesi. Walilala sakafuni. Walipika, wakafua na kujisaidia mahali pale pale. Watoto wachanga walizaliwa humo na kulala bila nguo wakati wa baridi. Askari jela wenyewe waliogopa kuingia.

Elizabeth hakuandika barua kwa serikali wala hakuitisha mkutano. Aliwakusanya wanawake kadhaa, wakanunua kitambaa cha flana na kushona nguo za watoto wachanga. Halafu akaenda nazo Newgate pamoja na rafiki yake, Anna Buxton. Waliwavisha watoto, wakaomba majani makavu na masafi kwa ajili ya wagonjwa waliolala sakafuni, wakarudi tena kwa siku chache.

Niruhusuni niseme kidogo kama muuguzi. Mtoto mchanga aliye uchi penye baridi hupoteza joto upesi sana, na joto likipotea maisha nayo yanapotea. Wodini, kabla ya kuuliza jina la mama na historia yake, tunamkausha mtoto na kumfunika. Elizabeth hakuwa amesoma uuguzi, lakini alijua kwamba mtoto anayetetemeka hawezi kungoja sheria mpya ya magereza.

MIAKA KARIBU MINNE YA KIMYA

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami naomba tulikalie kidogo. Baada ya ziara zile za 1813, Elizabeth hakurudi Newgate kwa karibu miaka minne.

Wakati wa ziara ya kwanza alikuwa na watoto 8, mdogo wao hajafikisha mwaka. Wengine wawili walizaliwa baadaye, mwaka 1814 na mwaka 1816. Ndugu yake John alifariki. Biashara ya mumewe iliyumba, nao wakapunguza matumizi. Mwaka 1815 binti yao mdogo Elizabeth, aliyeitwa Betsy, alifariki kabla hajafikisha miaka mitano. Msiba huo ulimwelemea kwa muda mrefu. Hali ilipokuwa ngumu, ndugu zake walisaidia kwa kuwachukua baadhi ya watoto wakubwa kukaa nao.

Wangapi kati yetu tuna watoto wanaolelewa na bibi au shangazi nyumbani ili sisi tufanye kazi huku? Wangapi tuna zamu za usiku, deni la viza, na msiba wa nyumbani ambao hatukuweza kuusafiria? Tunajiambia kwamba maisha yakitulia tutamtumikia Mungu. Elizabeth aliporudi Newgate, mapema mwaka 1817, maisha yalikuwa hayajatulia. Lakini ile miaka ya kimya nayo haikuwa bure. Mama aliyemzika mtoto wake ndiye aliyekwenda kuzungumza na akina mama wa Newgate juu ya watoto wao.

ALIWAULIZA WAO KWANZA

Siku hiyo aliomba aachwe peke yake na wafungwa. Inasimuliwa kwamba alimwinua mtoto mmoja mikononi, kisha akawauliza akina mama kama wasingependa kuwafanyia watoto wao jambo jema. Akapendekeza shule humo humo gerezani, na akawaachia wao wamchague mwalimu. Walimchagua mfungwa mwenzao, Mary Connor, kijana aliyefungwa kwa kuiba saa ya mfukoni.

Wakubwa wa gereza walisema hakuna nafasi, na kwamba jambo lenyewe halitafaulu. Chumba kimoja kilipatikana kikiwa tupu, shule ikaanza. Punde wanawake wazima nao wakajaa mlangoni wakitaka kufundishwa kusoma na kushona.

Mwezi wa Aprili 1817 Elizabeth na wanawake wenzake wachache, karibu wote Marafiki, waliunda chama cha kuwasaidia wanawake wa Newgate. Mumewe Joseph aliwaalika wakuu wa gereza nyumbani kwao ili wazungumze na mkewe. Baadaye wafungwa walikusanywa, kanuni zikasomwa moja moja, na kila kanuni wakaombwa wainue mikono kama wanaikubali. Zilihusu kazi, usafi, kuacha kamari na kutukanana, na kuchagua viongozi kati yao wenyewe. Waliinua mikono. Akaajiriwa mwanamke wa kuwasimamia, zikaletwa nyuzi na vitambaa, na kazi zao za kushona na kufuma zikauzwa ili wapate fedha kidogo. Kila siku palisomwa Biblia.

Katika muda wa miezi michache wageni walikuja kuona kama kweli ni Newgate ile ile. Hata meya wa London alikwenda.

Jambo la kuwauliza watu kwanza tunalisahau mara kwa mara. Mtu akilazwa, tunapeleka sufuria tatu za pilau nyumbani kwake, kumbe alichohitaji ni mtu wa kuwachukua watoto shuleni saa tisa na nusu. Mfungwa wa Newgate hakuwa na lolote, hata nguo, lakini Elizabeth alimwachia sauti ya kusema ndiyo au hapana.

PALE ALIPOSHINDWA

Mwaka 1818 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kueleza hali ya magereza, jambo ambalo kwa mwanamke wa wakati ule lilikuwa geni kabisa. Shemeji yake, Thomas Fowell Buxton, aliingia Bungeni mwaka huo huo. Ndiye aliyekuja kumrithi William Wilberforce katika kuongoza mapambano Bungeni, hadi sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilipopitishwa mwaka 1833.

Lakini mwaka huo huo wa 1818 ulimletea uchungu. Siku hizo sheria ya Uingereza ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ni kifo, na kutumia noti bandia lilikuwa mojawapo. Mtumishi wa ndani aitwaye Harriet Skelton alihukumiwa kunyongwa kwa kosa hilo. Elizabeth alihangaika kumwokoa. Alikwenda hadi kwa Lord Sidmouth, waziri wa mambo ya ndani, ambaye alimkatalia na kukasirishwa naye. Harriet alinyongwa.

Kesho yake wanawake wengine walikuwa bado wako Newgate. Elizabeth aliendelea kwenda.

Wengi wao walihukumiwa kupelekwa Australia kwa meli. Walipelekwa bandarini katika magari ya wazi, wamefungwa minyororo, watu wakiwatupia matope na matusi barabarani. Elizabeth alimshawishi mkuu wa Newgate wapelekwe kwa magari yaliyofunikwa, naye akafuatana nao hadi kwenye meli. Kwa miaka zaidi ya 20 yeye na wenzake walizitembelea meli zaidi ya 100. Kila mwanamke alipewa mfuko wenye Biblia, sindano, nyuzi na vipande vya vitambaa, ili katika safari ile ya miezi mingi mikono yake iwe na kazi, na akifika awe na kitu cha kuuza.

Mwaka 1841 wanawake waliosafirishwa katika meli iitwayo Rajah waliunganisha vipande 2,815 wakatengeneza shuka moja kubwa ya maua, wakitoa shukrani kwa kamati iliyowapa vitambaa vile. Shuka hiyo ipo hadi leo katika jumba la taifa la sanaa huko Canberra, Australia.

Nayo sheria ya magereza ya mwaka 1823 iliagiza, pamoja na mengine, kwamba wafungwa wanawake wasimamiwe na wanawake.

AIBU ILIYOFIKA NYUMBANI KWAKE

Msidhani watu wote walimpenda. Walikuwepo waliosema anatafuta sifa, na kwamba mama mwenye watoto wengi namna ile angebaki nyumbani kwake. Baadhi ya watoto wake walipokua waliliacha kanisa la Marafiki, na hilo nalo walimwekea yeye.

Mwezi wa Novemba 1828 benki ya mumewe ilifilisika. Watu wa kawaida walipoteza akiba zao. Joseph alitengwa na kanisa la Marafiki, kwa kuwa kwao kushindwa kulipa madeni lilikuwa kosa zito. Uvumi ukaenea kwamba fedha za benki zilimalizwa na misaada ya Elizabeth. Iliwabidi waiache nyumba ya Plashet na kuhamia nyumba ndogo zaidi kule Upton Lane, karibu na kwa kaka yake Samuel Gurney. Ninyi mnaowapeleka watoto West Ham Park wakati wa kiangazi, mnatembea katika shamba la Samuel huyo. Likawa bustani ya umma mwaka 1874.

Fikirini alivyoingia ibadani Jumapili ile. Mwanamke aliyesifiwa na wabunge, leo watu wanageuza macho. Kwa muda alitamani kujificha. Ndugu zake walisimama naye kwa fedha na kwa maneno, na taratibu akarudi katika kazi yake. Nadhani tangu hapo alizungumza na wafungwa akiijua aibu kwa namna ambayo hakuijua mwanzo.

MBEGU YA UUGUZI

Naomba niongeze hili, maana linanigusa mimi na wenzangu wengi wa kanisa hili tunaovaa sare za hospitali na nyumba za wazee.

Mchungaji Theodor Fliedner wa Kaiserswerth, Ujerumani, alivutiwa na kazi ya Elizabeth alipotembelea Uingereza. Mwaka 1836 alianzisha nyumba ya mashemasi wa kike waliofundishwa kuhudumia wagonjwa. Mwaka 1840 Elizabeth naye alifika Kaiserswerth kujionea, na mwaka huo huo akaanzisha London chama cha wauguzi waliokwenda kuhudumia wagonjwa majumbani, wa maskini na wa matajiri. Siku hizo kumwuguza mgonjwa kwa malipo ilikuwa kazi ya kudharauliwa. Wanawake wale walipata mafunzo hospitalini, wakapewa sare.

Florence Nightingale alikwenda kujifunza Kaiserswerth mwaka 1851. Na masista wa Kilutheri ambao wengine wenu mliwaona Usambara na Kilimanjaro wana ukoo na mtindo ule ule. Kwa hiyo dada, unapombadilishia mzee wa watu shuka saa kumi usiku, na mtu mwingine akaiita kazi hiyo ya chini, kumbuka kwamba kuna waliokutangulia katika kazi hiyo kwa jina la Yesu.

Elizabeth alifariki kwa kiharusi tarehe 12 Oktoba 1845 huko Ramsgate, akiwa na miaka 65. Alizikwa Barking, katika makaburi ya Marafiki.

NA SISI JE?

Bwana Yesu katika Mathayo 25 aliwataja wenye njaa, wageni, wagonjwa na wafungwa. Kwa wenye njaa tunajitahidi. Wageni tulikuwa sisi wenyewe. Wagonjwa tunawatembelea. Kwa wafungwa tunanyamaza.

Tuseme kweli. Katika jamii yetu hapa wapo vijana waliofungwa, na wapo ndugu walioshikiliwa katika vituo vya uhamiaji. Mzazi huambia watu kwamba mwanawe amehamia mji mwingine. Mama anaacha kuja ibadani kwa kuogopa kuulizwa. Sisi nasi tunajua, tunapiga kimya, tunadhani tunamsitiri. Kumbe tumemwacha peke yake.

Naomba mambo matatu. La kwanza, familia iliyo na mtu ndani isihukumiwe katika kanisa hili, wala habari zake zisiwe mazungumzo ya simu. La pili, kila gereza la hapa lina kasisi, na ofisi yake hupokea watu wa kujitolea baada ya ukaguzi wa kawaida. Wenye nafasi wajitoe. Wafungwa tutakaowatembelea wengi hawatakuwa Waswahili, na hilo lisituzuie, maana nchi hii sasa ni yetu pia na shida zake ni zetu. La tatu, usiyeweza kutoka kwa sababu ya zamu na watoto, andika barua au kadi. Barua ya kurasa mbili kwa Kiswahili, kwa kijana asiyesikia lugha ya mama yake wiki nzima, ni kama ile nguo ya flana.

Na kama huu ni mwaka wako wa kimya, una mtoto mchanga au msiba mzito, usijilaumu. Pokea msaada wa ndugu zako. Zamu yako itafika.

Tuombe: Baba, tunawakumbuka mbele zako walio kifungoni na wazazi wao walioketi kati yetu leo. Tuondolee woga na maneno ya pembeni. Tupe macho ya kuona hitaji lililo karibu na mikono ya kulianza. Kwa jina la Yesu, Amina.

Wanaotaka kushiriki katika huduma ya wafungwa tuonane baada ya ibada, kwenye meza ya chai.